Bawa la Melchior

Jumapili, 3 Machi 2002

Jana ilinyesha mvua ya kwanza ya maana. Kiwanja kimekuwa tope tupu, lakini watu wamekuja hivyo hivyo. Mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hauna sinema siku hizi, una mimi. Nikitoka na ndege yangu begani, hata wazee wanaoelekea msikitini wanachelewa kidogo.

Niieleze vizuri, maana daftari hili ni jipya. Ndege ina upana wa mita moja na nusu, injini inayoenea kiganjani, helisi, lile panga linalozunguka, puani, nami naiongoza nikiwa chini kwa kisanduku chenye antena. Iliachwa na Mfaransa mmoja wa Kiriri, Bwana Hugues, mteja wangu wa injini za boti, alipokimbia vita. Bawa lake lililiwa na panya. Bawa jipya amelichonga Melchior, seremala, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Anaishi kwangu na mkewe Epiphanie tangu mwaka tisini na tano, walipofukuzwa mtaani kwao wakaja na nguo walizovaa tu. Mikono ya Melchior ni ya dhahabu. Nusu ya vitanda vya maharusi hapa mtaani ni vyake.

Leo ndege imezunguka kiwanja mara nne bila wasiwasi. Djibril wa dukani akaniuliza mbele ya watu kama inaweza kupanda wima. Nikamjibu, "Jumapili ijayo utaiona imesimama kama alifu." Wakapiga makofi. Mke wangu Mwantum anasema nina umri wa kuitwa babu na bado natafuta makofi ya watoto. Ni kweli. Lakini makofi ni matamu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Injini mbili za boti zimeletwa, moja imekunywa ziwa zima.

Jumapili, 10 Machi

Nimeaibika.

Nilivuta kijiti, ndege ikainua pua, ikaanza kupanda, nikasema bismillah moyoni. Katikati ya safari pua ikaenda kushoto. Nikairudisha. Ikaenda tena kushoto, ikalala ubavu, ikashuka kwa kasi mpaka nikaiokoa juu kidogo ya paa la Djibril. Nimejaribu mara ya pili. Kushoto. Djibril hana aibu: "Bwana Radja, alifu gani ile? Ile ni lamu!" Na kila aliyepita madrasa, yaani kila mtu, akacheka.

Nimewaambia ni upepo. Hapakuwa na upepo wa kuzima kiberiti.

Jumapili, 17 Machi

Kushoto tena, na leo watu walikuwa wengi kuliko siku zote.

Walipoanza kucheka nilisikia joto limenipanda masikioni, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Ni bawa! Fundi amelipinda!" Melchior alikuwa pembeni yangu ameshika kopo la mafuta. Watu wote wakamgeukia yeye, wakaniacha mimi.

Akasema taratibu, "Pengine, muzee. Nitaiangalia."

Mtu anayekaa kwa hisani yako hawezi kukujibu mbele za watu. Nilijua hilo nilipolisema. Nilisikia vibaya kidogo, kisha nikasikia nafuu, na sasa ninapoandika ni ile nafuu inayonisumbua.

Jumatatu, 18 Machi

Melchior amelilaza bawa juu ya kioo cha dirisha, akalipima kwa uzi asubuhi nzima. Baadaye akaja kwenye banda langu, kofia mkononi.

"Muzee, mi naona iko droit. Lakini kama unasema iko na pinda, basi iko na pinda. Nitapiga randa kidogo?"

Nikamwambia apige. Atapiga randa kitu kilichonyooka, ili mimi niwe nimesema kweli.

Jumapili, 24 Machi

Mvua kutwa. Alhamdulillah.

Jumapili, 31 Machi

Nitaandika yote, hata sehemu ninayotaka kuiruka.

Ndege ilipanda juu zaidi ya siku zote, maana niliifungulia injini mpaka mwisho. Ikaenda kushoto, ikanipotea kwenye mawingu, na nilipoiona tena ilikuwa inaangukia ng'ambo ya uwanja, ndani ya seng'enge za posisyo, kambi ndogo ya askari. Kiwanja kikawa kitupu kwa muda wa kukohoa. Tulibaki mimi na Melchior.

Walinichukua mimi kwanza, mwenye kisanduku. Mkubwa wao, ajida mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, alikuwa ameishika ndege kwa mkia.

"We muzee. Kila dimanche hii kitu inakuja upande wetu. Kwa nini haiendi upande ingine?"

Kweli, posisyo iko kushoto kwa mtu anayesimama nisimamapo mimi. Sijawahi kulifikiria hilo. Wao walilifikiria kila Jumapili. Akauliza kama kuna kamera ndani, nani anatazama, nani anatuma. Ulimi ukafunguka wenyewe:

"Afande, mi naiongoza sawa. Ni bawa. Fundi ndiye aliifanya ivi."

"Fundi gani?"

Nikataja jina. Sikutaja jina tu. Nikasema anakaa wapi, na alitoka mtaa gani kabla ya kuja kwangu. Hakuniuliza alitoka mtaa gani, na kwa askari mtaa ule ni jina lingine la waasi! Nilitoa mwenyewe, kama mtu anayemwaga mfuko ili apekuliwe upesi. Ajida akaliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akanirudishia ndege.

Nje Melchior alikuwa ananingoja kwenye mvua. Akasema, "Shukuru Mungu, muzee, wamekuachia," akanipokea ndege ili nisiibebe.

Jumanne, 2 Aprili

Baba wa bibi harusi wa barabara ya saba amehamishia kitanda chake kwa seremala mwingine. Sababu: "Mutu wa mukono ya kupinda." Maneno yangu yana miguu kuliko mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Hotuba ya leo ilikuwa juu ya ulimi. Nilitazama mkeka.

Kila jioni nafunga mlango wa banda na kuchonga bawa langu mwenyewe. Nimesema moyoni: nitalitengeneza kwa mkono wangu, litapanda wima, na hapo nitakuwa sikumsingizia mtu. Limekwisha leo. Si zuri kama la Melchior, lakini nimelipima mara nyingi na limenyooka.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda Kajaga, kando ya ziwa, peke yangu, asubuhi, nikamwambia Mwantum nampelekea mvuvi injini yake. Pale ufukweni kuna nafasi, wavuvi wanarudi, wanawake wananunua ndagala, dagaa wetu, hakuna wa kunijua sana. Nimefunga bawa langu. Nimepaisha. Nimevuta kijiti.

Kushoto.

Nimerudia mpaka mafuta yakabaki kidogo. Kushoto kila mara, vilevile, mahali palepale pa kupanda. Mara ya mwisho nilizima injini ikiwa juu, ikashuka yenyewe kimya kimya hadi mchangani, imenyooka kama reli. Bawa lililopinda lingeipeleka kushoto hata injini ikizimwa. Kwa hiyo si bawa langu, na halikuwa bawa la Melchior hata siku moja.

Nilikaa mchangani hadi suruali ikalowa. Nirudi leo leo nimwambie? Ndiyo, nitamwambia leo.

Baadaye. Alikuwa na mgeni. Kesho.

Jumanne, 9 Aprili

Hii ndiyo inayonichoma kuliko zote.

Leo nilikuwa namalizia injini ya boti. Mwenyewe alisema boti inamvuta upande mmoja, mkono unamuuma. Nikachukua spana, nikalegeza kile kipezi cha chuma kilicho juu ya helisi, nikakigeuza kidogo, nikakaza. Nimekifanya kitendo hicho miaka thelathini. Kila injini ya boti inavuta upande kwa sababu helisi ni kitu kinachozunguka, haisukumi moja kwa moja tu, inasokota. Mtoto wa fundi boti anajua. Nikaiweka spana chini.

Nilifunga mlango, nikafunga nyuzi nyepesi juu ya mgongo wa ndege, nikawasha injini mezani. Nyuzi hazikulala nyuma. Zote ziliegemea kulia. Upepo wa helisi unajisokota kuzunguka mwili wa ndege, unapofika nyuma unaupiga mkia uliosimama, unausukuma kulia, na mkia ukienda kulia pua inaenda kushoto. Ndege ikiruka mlalo kwa kasi, kasi hiyo inaushika mkia na huoni ikigeuka sana. Ikipanda wima kasi inakufa, injini inavuta kwa nguvu zote, na ule upepo uliosokotwa unabaki wenye amri. Dawa yake ni rondeli mbili tatu, vile vipete bapa vya bolti, nyuma ya injini upande wa kushoto, ili pua yake itazame kulia kidogo. Basi. Kazi ya muda wa kunywa chai.

Mimi, Radjabu fundi helisi, nimemsingizia seremala kwa ugonjwa wa helisi.

Jumatano, 10 Aprili

Sijasema. Nilifika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anasali na mkewe, nikarudi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimempelekea kreti ya Fanta. Epiphanie akauliza, "Ni ya nini, Bwana Radja? Kuko fête?" Nikasema ni zawadi tu, mvua imekuwa nyingi. Sijui mvua na Fanta vina undugu gani. Akaniangalia kidogo, akashukuru, akawagawia watoto wa ua mzima. Melchior hakunywa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimewaambia watu bawa linatengenezwa. Djibril akasema, "Mubadilishe fundi." Nikacheka naye. Nilicheka.

Nikiulizwa kwa nini sisemi, jibu ni dogo la kutia kinyaa: wataniuliza, wewe si ndiye fundi helisi? Na watacheka. Basi. Hakuna jibu lingine, nimelitafuta.

Jumatano, 17 Aprili

Milio ya mizinga ya waasi kutoka milimani, karibu kuliko wiki iliyopita. Mvua nyingi. Umeme hakuna.

Alhamisi, 18 Aprili

Wamemchukua Melchior.

Wamekuja saa nne asubuhi, wanne. Hawakupekua nyumba, hawakuuliza mlango. Walikuja moja kwa moja chumba cha nyuma kama watu walioelekezwa, na walielekezwa, na nani kama si mimi. Usiku kuna bomu limeangukia karibu na posisyo yao. Mmoja akasema, "Huyu ndiye wa ndege ya kuonyesha njia." Melchior alikuwa na randa mkononi. Akaiweka chini vizuri, upande wa kisu juu ili usiharibike, akawafuata.

Epiphanie hakupiga kelele. Alinitazama mimi. Nikasema, "Nitaenda kuongea nao." Akasema, "Enda, Bwana Radja." Nikavaa viatu. Nikakaa kitandani na viatu vyangu. Niliogopa. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwenda kusali, sikwenda posisyo. Mwantum amenipikia, akaweka sahani mbele yangu, akaketi.

"Mume wangu, mi nakula na we miaka makumi tatu. Kuko kitu gani mu tumbo yako?"

Nimemwambia yote, hadi Kajaga. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akasema tu, "Sasa tuko wawili benye tunajua. Mi siwezi kulala nayo."

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda. Nimebeba ndege, bawa langu na bawa lake, kopo la mafuta, nyuzi. Walinizuia langoni, nikasema nataka kuongea na ajida juu ya kushoto. Neno likafika kama lilivyo.

Nilimwekea ndege mezani, nikafunga nyuzi, nikawasha injini. Askari walijazana mlangoni. Nikawaonyesha jinsi nyuzi zinavyoegemea, mkia unavyosukumwa, nikawaambia kila ndege ya helisi moja duniani ina tabia hiyo, na kwamba kushoto kwangu kungekuwa kiwanda cha sabuni kama ningesimama upande wa pili wa uwanja. Hapo mmoja akacheka. Ajida hakucheka.

"We mwenyewe uliniambia ni fundi."

"Nilikosea, afande."

"Na ulijua lini kama ulikosea?"

Nilikuwa nimekwenda kusema kweli. Wallahi nilikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. Nikasema, "Jana, afande."

Wakamtoa Melchior mchana. Anatembea kwa kisigino, nyayo zake zimevimba, jicho moja limefunga. Nilimpa bega. Njia nzima akawa anasema, "Muzee, umeniokoa. Ulijitia mu hatari." Mvua ilikuwa inanyesha, na nilishukuru uso wangu umelowa kama wake.

Jumatatu, 22 Aprili

Mtaa mzima unanipongeza. Radjabu kasimama mbele ya askari! Radjabu kagundua siri ya ndege! Djibril ametuma sukari. Sijaigusa.

Alhamisi, 25 Aprili

Melchior amekaa kibarazani, nyayo kwenye maji ya chumvi. Ananiuliza habari za rondeli, unene wake, kama mbao nyembamba isingefaa. Amefurahi kuelewa. Hana hata chembe ya kinyongo, au anaificha vizuri kuliko nifichavyo mimi.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua haikunyesha.

Nimefunga bawa la Melchior, lile lile la mwanzo, na rondeli nyuma ya injini. Ajida alikuja kutazama na vijana wake. Ndege imepanda wima hadi ikawa nukta. Haikugeuka. Nimesema kwa sauti, "Bawa ni la Melchior, na limenyooka tangu siku ya kwanza!" Wakampigia makofi. Alisimama kwa fimbo, akainua kofia.

Lakini makofi si msamaha. Kwa Warundi mtu haombwi radhi kwa mdomo mkavu. Mkosaji analeta bia, anasema kosa lake lote mbele ya mashahidi, aliyekosewa anakunywa, na chupa zikiisha neno limezikwa. Atakayelifukua baadaye ndiye mkosaji mpya. Kreti ya Fanta haiziki neno lolote, ndiyo maana hakuinywa.

Basi nimekwenda kununua bia. Mimi, mwana wa mwalimu wa Kurani. Nimeibeba begani, mchana, bila kuifunika, nikapita mbele ya msikiti watu wakitoka kusali alasiri. Mzee mmoja alisema "Astaghfirullah" na mwingine akageuza uso. Kwetu aliyebeba anahesabiwa kama aliyekunywa. Nilipita. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba inatosha.

Tulikaa kwenye baraza yake: yeye, Epiphanie, Mwantum na majirani wawili. Nikasimama. Nikasema nimemchafua jina mbele ya watu, nikasema nimelitaja jina lake kwa askari kwa woga wangu, na mtaa aliotoka pia. Hilo la mtaa lilinitoka kwa shida na majirani wakashusha macho. Nikasema ugonjwa ulikuwa wa helisi, kazi yangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyepigwa kwa ajili yake. Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Melchior alichukua chupa. Hakuifungua. Aliishika kwa mikono miwili, akanitazama kwa lile jicho zima.

"Ni yote, muzee?"

Mwantum alikuwa ananitazama pia. Nilisikia nafsi yangu inasema: sema Kajaga. Sema siku zote zile ulizokuwa unajua naye akinyimwa kazi, naye akichukuliwa, nawe umekaa kitandani na viatu. Majirani wangesikia. Baada ya yale makofi.

"Ni yote," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua kwa meno, akamwaga kidogo chini, akanywa, akampa jirani. Walikunywa wote, wakaimba kidogo. Melchior alinishika mkono muda mrefu, akasema, "Imekwisha."

Giza lilipokaribia Epiphanie akanisindikiza, ingawa nyumba yangu ni hatua chache tu. Tulipofika kwenye bomba la ua akasimama.

"Bwana Radja, mi nilikuwa Kajaga ile siku. Nilienda kununua ndagala. Niliona ndege yako na bawa ya mupya, na imeenda kushoto vilevile."

Nikalifungua bomba, nikalifunga.

"Nilirudi nikamuambia Melchior. Akasema, tumungoje, ni mutu mukubwa, atasema. Kule kwa basoda, bale askari, nilimupelekea chakula, nikamuambia: sema basi yenye niliona, watakuachia. Akakataa. Akasema, mi siwezi kumuita mwongo mutu mwenye alinifungulia mulango. Atakuja yeye mwenyewe." Akafuta mikono yake kwenye kitenge. "Na leo alikungoja tena. Ile chupa aliishika muda murefu, unajua. Mi nilikuwa namuombea asiifungue."

Kisha akanitakia usiku mwema, kwa adabu kama siku zote, akaenda zake.

Niligeuka nirudi nikaseme. Nilifika hadi kona ya baraza. Melchior alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, amepumzika kama mtu aliyemaliza kazi, na majirani walikuwa wanapanga chupa tupu ndani ya kreti.